Mkunazi wa uani: ukatwe au uachwe?

Wazazi wengi wa Pwani wanaujua mkunazi tangu utotoni. Wameurushia mawe wakitoka shule, wameokota kunazi chini yake na kuzila kwa chumvi na pilipili, na wengi wana alama ya mwiba wake mahali fulani mwilini. Lakini mtu akishakuwa na watoto wake mwenyewe, mti ule ule huanza kuutazama kwa jicho jingine, hasa ukiwa umesimama katikati ya ua wake.

Familia moja ya Makorora, jijini Tanga, imebishana juu ya mkunazi wa namna hiyo kwa karibu miaka mitatu. Baba, fundi wa magari, alitaka ukatwe. Mama, anayeuza vitafunwa asubuhi, hakutaka kusikia habari hiyo. Watoto wanne walikuwa upande wa mama kwa sababu za tumbo. Na bibi, mama yake baba, alikuwa akiishi nao muda wote huo na hakuna aliyemuuliza.

Mti wenyewe haukupandwa na mtu. Ulichipuka karibu na choo cha zamani, pengine kwa kokwa iliyotemwa na mtoto au kudondoshwa na ndege. Mikunazi mingi ya Pwani imeanza hivyo hivyo. Inakuja yenyewe, haihitaji mbolea wala maji, inavumilia ukame na udongo wa mchanga, na siku watu wanapoigundua tayari imewazidi kimo. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mtaa mzima unaoitwa Mkunazini, na ni jina linaloonyesha jinsi watu walivyozoea kuutumia mti huu kuelekezana njia.

Hoja ya kwanza ya baba ilianza na kisigino. Mtoto wa mwisho, wakati huo ana miaka minne, alikanyaga tawi kavu akiwa pekupeku. Miiba ya mkunazi mara nyingi hukaa miwiliwili, mmoja umenyooka na mwenzake umepinda kama ndoana, na huu uliopinda ndio unaosumbua kutoka. Mama aliuchokoa kwa sindano ya kushonea, akadhani umetoka wote. Siku ya tatu mguu ukavimba, mtoto akapata homa. Zahanati walipasua kidogo wakatoa usaha na ncha ya mwiba iliyobaki, na swali la kwanza la muuguzi lilikuwa: kadi ya kliniki iko wapi?

Aliuliza hivyo kwa sababu ya pepopunda. Kinga yake imo ndani ya chanjo za mtoto za wiki 6, 10 na 14, na mzazi asiye na kadi hawezi kuthibitisha kama mtoto alizimaliza. Kwa bahati kadi ilikuwepo, chini ya godoro. Mzazi mwenye mti wa miiba nyumbani aijue kazi hii mapema: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, vuta mwiba kwa kibanio safi kufuata upande ulioingilia, usichimbe kwa wembe. Kama umeingia ndani sana, au uko kwenye kiungo, au baada ya siku mbili pamekuwa pekundu na pa moto, mpeleke mtoto kituo cha afya. Sindano ya kushonea inafaa kushonea.

Baba hakusahau siku zile tatu. "Mti huu utatuua mtoto," alisema, na kila mwiba uliookotwa baada ya hapo aliuweka juu ya meza ya chakula kama ushahidi.

Hoja yake ya pili ilikuwa ya fedha, na kusema kweli ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Binti mkubwa alikuwa kidato cha tatu na anataka chuo cha afya. Shule ya serikali haina ada, lakini chuo kina ada, na kina malazi, sare na nauli. Pale ulipo mkunazi vingekaa vyumba viwili vya kupangisha. Baba alikuwa ameshapima kwa hatua, ameshachora nyuma ya daftari la gereji, ameshajua tofali ngapi zinahitajika. Mama alipomwambia kwamba mti una kivuli, alimjibu kwamba kivuli hakilipi ada. Ni jibu ambalo wake wengi wamelisikia kwa namna moja au nyingine, na si rahisi kulijibu.

Hoja ya tatu ilitoka kwa jirani. Nyumba ya upande wa kusini ni ya mzee mmoja mstaafu wa bandari, na matawi ya mkunazi yalikuwa yamevuka ukuta hadi juu ya paa lake. Msimu wa kunazi ukifika, watoto wa mtaa mzima walirusha mawe. Yaliyokosa kunazi yalipata bati. Mzee alivumilia msimu mmoja. Msimu wa pili alikuja mlangoni na jiwe mkononi.

"Kijana, mti wako unanila bati."

"Shikamoo mzee. Lakini watoto wanaorusha si wangu peke yangu."

"Marahaba. Mti nao si wako peke yako?"

Shauri lilifika kwa mwenyekiti wa mtaa. Mabati mawili yalikuwa yametoboka, mzee alitaka yalipwe yote, baba alitaka wazazi wa watoto wote wachangie, na wazazi wengine walisema wao hawana mti. Mwenyekiti aliamua tu kwamba matawi yanayovuka ukuta yakatwe. Habari ya mabati aliiacha wazungumze kiungwana. Hawakuzungumza kiungwana. Kwa miezi mingi nyumba hizo mbili zilisalimiana kwa kukohoa.

Mama, katika yote haya, alidhani ana mtu mmoja wa kumtetea. Mkwewe alikuwa akikaa chini ya mkunazi kila jioni, akichambua mchicha au akinyunyiza udi kwenye chetezo. Siku moja baba alipoleta msumeno wa kuazima, mama alimgeukia bibi amsaidie kusema. Bibi akasema hivi: "Mmemuuliza mwenyekiti, mmemuuliza jirani. Mimi mama mwenye nyumba hamjaniuliza. Basi kateni. Ndege wake wananiamsha kabla ya adhana, na kila ninapotandika mkeka wa kuswalia nauondoa umejaa majani. Ninakaa hapa kwa sababu ndani kuna joto."

Mama alinyamaza. Kisha akafanya jambo ambalo linafaa kusimuliwa kwa wazazi wengine wenye mti wa kugombewa: aliomba muda wa msimu mmoja, na akatafuta mtu anayeujua mti.

Mtu huyo alitoka Muheza, kwenye machungwa. Huko kubebesha miche ni kazi ya watu wengi, na kisu kinachobebesha chungwa ndicho hicho hicho kinachobebesha kunazi. Fundi aliutazama mkunazi, akazunguka shina, akasema tatizo si mti. Tatizo ni kwamba umeachwa kuwa msitu. Mkunazi huzaa kwenye matawi machanga ya msimu ule ule. Usipopogolewa, matawi machanga yanazidi kupanda juu na kutoka pembeni, na kunazi zinakwenda mahali ambapo mtoto hawezi kuzifikia bila jiwe. Ukipogolewa kila mwaka, mti unabaki mfupi, matunda yanashuka usawa wa mikono, na mawe hayana kazi tena.

Kupogoa kuna wakati wake. Ni baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, mti unapopukutisha majani na kupumzika, kabla mvua hazijauamsha. Matawi yanayogusa chini huondolewa, yanayopishana katikati huondolewa, yaliyozaa hupunguzwa, na kila mkato huwekwa mshazari ili maji yasituame. Matawi yaliyokatwa yasilale uani hata usiku mmoja, maana mwiba wa tawi kavu ndio ule uliomwingia mtoto kisiginoni. Majani mabichi wanapewa mbuzi, wanayapenda mno. Miti inabaki kuwa kuni nzuri, au kizuizi cha bustani ya mchicha, kuku hawapiti.

Kwa mti huu fundi alikwenda mbali zaidi. Ulikuwa na matawi makuu matatu. Mawili, lile lililovuka ukuta wa mzee na lile lililokuwa mahali pa vyumba vya baba, aliyakata yakabaki visiki vya urefu wa kiuno. La tatu aliliacha kwa ajili ya kivuli. Mama alilia kidogo, kisirisiri, jikoni. Mti uliokatwa namna hiyo unaonekana umekufa. Lakini mkunazi hauchelewi kuchipua, na mvua zilipoanza visiki vilitoa machipukizi mengi kupita kiasi. Wakaacha manne yenye nguvu katika kila kisiki, mengine wakayang'oa kwa mkono yakiwa bado laini.

Machipukizi yalipofikia unene wa penseli fundi alirudi na vijiti vya kunazi kubwa, zile zenye ukubwa wa yai dogo ambazo asili yake ni India, kutoka kwenye ua wa familia moja ya Raskazone. Alipasua gamba la chipukizi kwa alama ya T, akapachika jicho lililobanduliwa kutoka kwenye kijiti, akafunga kwa ukanda wa plastiki huku jicho likiachwa wazi. Maganda mawili lazima yagusane, na kazi ifanyike mti ukiwa na utomvu, gamba linapobanduka bila kung'ang'ania. Alipachika manane. Baada ya wiki tatu matano yalikuwa ya kijani na matatu yamekauka. Fundi alisema matano ni mengi. Yaliyoshika alikata chipukizi juu ya jicho, na akamwonya mama kwamba chochote kitakachochipua chini ya jicho ni kunazi ile ile ya zamani inayotaka kurudi, akikwanyue kila akikiona.

Msomaji asiye na mti wa kubebesha anaweza kuanza na kokwa. Zitumbukize kwenye maji yenye chumvi nyingi, zinazoelea tupa. Zinazozama zigonge taratibu kwa nyundo mpaka ganda lipasuke bila kuponda mbegu ya ndani. Kokwa nzima inaweza kukaa wiki nyingi bila kuota, mbegu iliyotolewa kwenye ganda huota upesi zaidi. Tumia kiriba kirefu, kwa sababu mzizi mkuu wa mkunazi unakimbilia chini na haupendi kukunjwa wala kuhamishwa ukiwa mkubwa. Hamishia shambani mvua za masika zinapoanza, mbali na nyumba na mbali na mahali watoto wanapokimbilia. Na mche wa mbegu hauahidi kuzaa kunazi kama ya mama yake, ndiyo maana watu hubebesha.

Maadui wake si wengi. Nzi wa matunda hutaga ndani ya kunazi changa, na ukiipasua unakuta funza. Dawa ya kwanza ni ufagio: okota zilizoanguka kila siku na uzifukie chini sana, usizitupe kwenye jalala la uani. Ukungu mweupe kama unga hushika kunazi zikiwa ndogo, hasa kwenye mti uliojibana, na hapo tena jibu ni kupogoa upepo upite. Kuhusu ulaji, kunazi ina vitamini C kwa wingi na watoto hawahitaji kubembelezwa, lakini kokwa yake ina ukubwa kamili wa kuziba koo. Mtoto mdogo wa chini ya miaka minne menyewe nyama ya tunda, kokwa ibaki mkononi mwa mkubwa.

Miezi hiyo baba hakusema sana. Nafasi ya chumba kimoja ilikuwa imepatikana, si viwili, naye aliitazama kama mtu aliyekopwa akalipwa nusu. Wifi yake mama, anayeishi Uingereza, alipotumiwa picha ya visiki alijibu kwa picha ya ua wa mti wao wa miiba wa huko, wenye matunda mekundu madogo kama shanga. Hawana undugu wa ukoo na mkunazi, lakini tabia zinafanana: miiba, ndege, matunda ya kuokota, na maneno ya wazee. Maua yake meupe huchanua mwezi wa Mei, hata mti wenyewe huitwa kwa jina la mwezi huo, na wako wazee wa huko wanaokataza kabisa kuyaingiza maua hayo ndani ya nyumba. Bibi alipenda sana habari hiyo. Alisema Wazungu nao wana akili.

Mke wa mzee wa bandari alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, mwaka wa tatu wa ugomvi. Saa tisa usiku mlango uligongwa. Alikuwa kijana wa mzee, amesimama mbali kidogo na kizingiti.

"Samahani mama. Mama ametutoka. Tunaomba majani ya mkunazi."

Majani ya mkunazi yanajulikana kazi yake katika nyumba za Kiislamu. Yanapondwa na kutiwa kwenye maji ya kumwoshea maiti, kisha maji ya mwisho hutiwa kafuri. Yanatoa povu jepesi, yanasafisha bila kuumiza ngozi. Wengine siku za kawaida huyatumia kuoshea nywele, na huko Oman, ambako familia nyingi za Tanga zina ndugu, ndugu yake mkunazi anaitwa sidri na nyuki wake wanatoa asali ya bei kubwa. Lakini mtu anayekuja kuomba majani saa tisa usiku haji kwa ajili ya nywele.

Mama alikuwa bado anatafuta kanga wakati baba alipokwisha toka na panga. Binti mkubwa alimmulikia kwa simu. Tawi lililoachwa kwa ajili ya kivuli ndilo pekee lililokuwa na majani makubwa, na baba alikata upande wake mzuri kabisa, akichagua, akitoa miiba kwa koleo la gereji tawi moja baada ya jingine ili wanawake watakaoyachambua wasichomwe. Alijaza kapu, akalipeleka mwenyewe. Hakurudi hadi asubuhi, kwa sababu alibaki kupanga viti na kutafuta gari la kwenda makaburini.

Mtoto wa mwisho, sasa ana miaka sita, aliamka akakuta tawi limenyolewa. Mama hakumwambia kwamba bibi jirani amesafiri, kama watu wengi wanavyowaambia watoto. Alimwambia amekufa, hatarudi, leo wanamwosha na kumzika, na majani yamekwenda kumwoshea.

Mtoto akafikiri. "Sasa atanukia kunazi?"

"Atanukia majani."

"Basi ni vizuri," akasema, akaenda kutafuta viatu vyake. Viatu ni sheria ya ua ule tangu siku ya kisigino.

Bibi ndiye aliyerudisha habari ya mti, siku ya arobaini ya jirani yake, mtu waliyesuka naye ukili miaka mingi kabla ugomvi wa bati haujaanza. Alimwita mwanawe, akamwambia kwamba ndege bado wanamwamsha na majani bado yanajaa kwenye mkeka, hakubadili neno. "Lakini lile tawi liache. Na mimi sitaki siku yangu mhangaike usiku mnagonga milango ya watu."

Baba aliitikia, "Ndiyo mama," na hakuna aliyeongeza neno.

Alijenga chumba kimoja. Alimwambia fundi asogeze msingi mbali na shina, ukuta mmoja ukatoka mfupi kuliko mchoro wa daftarini, na mpangaji wa kwanza, mwalimu kijana, analalamika kwamba kitanda chake hakigeuki. Kodi haitoshi ada yote. Mama anauza kunazi kwa kikombe msimu ukifika, na hizo nazo hazitoshi ada, zinatosha nauli ya binti kwenda na kurudi likizo. Pengo lililobaki wanaliziba kwa mkopo wa kikundi cha akina mama, na mwaka huu watalipa hadi Desemba.

Machipukizi ya fundi wa Muheza yamezaa. Kunazi za kwanza zilikuwa kumi na saba, watoto walizihesabu zikiwa mtini kila jioni mpaka zikaiva. Watoto wa mtaa sasa wana ngoe, kijiti chenye ndoano kilichotengenezwa na baba kwa nondo nyembamba, kinachoning'inia msumarini karibu na mlango. Anayetaka kunazi anabisha hodi, anavaa viatu, anapewa ngoe. Mawe yamepungua sana, hayajaisha.

Mzee wa bandari huja siku moja moja jioni kukaa na bibi pale kivulini. Mabati mawili yaliyotoboka bado hayajabadilishwa. Mzee anasema anasubiri bei ishuke, na baba amesema nusu yake ataitoa mwisho wa mwezi huu.